Koma Mia na Tisa za Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi
Nyota ya jaha imeniangukia! Mkurugenzi anataka hotuba ya kufungulia ghala jipya Ijumaa. Tuandike wawili, mimi na mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Kamusi. Atakayemfurahisha atapewa chumba chenye dirisha. Mwingine atashuka kutunza mafaili chini ya ngazi. Kamusi kasema mbele ya watu kwamba mimi koma nazinyunyiza kama chumvi. Nyooo! Koma ni pumzi, hata mtoto wa darasa la pili anajua.

Jumanne, 4 Machi
Kama koma ni pumzi, basi niipime pumzi ya mwenyewe. Nimemfuata Mkurugenzi ngazini, saa mkononi, hadi ghorofa ya nne, huku akiongea na simu. Anahema kila baada ya maneno matatu! Akageuka kuniuliza nina shida gani. Nikamjibu kwamba najali afya yake. Nimeweka koma kila baada ya maneno matatu. Jumla mia na tisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejitolea kupeleka hotuba zote mbili. Ya Kamusi, kwa bahati mbaya, imetelezea nyuma ya kabati. Kabati lile zito jamani! Nililisogeza kwa shida.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Mkurugenzi alisoma maneno matatu, akaona koma, akanyamaza. Watu wakadhani amemaliza, wakapiga makofi. Akasoma mengine matatu, akanyamaza. Makofi tena! Ukurasa wa pili hata makuli walikuwa wanapiga miluzi. Dakika arobaini, na ghala lenyewe hajalitaja. Alishuka machozi yakimlengalenga, akasema tangu azaliwe hajapendwa hivi. Chumba ni changu! Kamusi kabeba kikombe chake kwenda chini. Nilimfungulia mlango, mimi sina kinyongo.

Jumapili, 9 Machi
Mkurugenzi kapiga simu. Mlinzi wetu wa langoni, mzee wa watu, amefariki. Kesho atasoma rambirambi mbele ya mjane na watoto, na hamtaki mwandishi mwingine ila mimi. Mama watoto kaniuliza taratibu kama na msibani watu watapiga makofi. Nimemwambia aache kunivunja moyo, kazi za watu hazijui. Marehemu katumikia miaka thelathini, anastahili heshima.
Nimeongeza koma arobaini.