Turubai la Elida

Jumatatu, 3 Novemba

Mbalamwezi imeingia. Mitumbwi yote ya Kibirizi iko mchangani, maana mwezi ukiwa mkubwa namna hii dagaa hawafuati taa. Wanaume tumekaa tu. Ukikaa tu, unabishana. Jirani yangu Oswald kasema kesho mvua itanyesha. Oswald! Mtu asiyejua hata kama shati lake kaligeuza! Nikasema haitanyesha. Akasema niweke kitu.

Mke wangu Elida aliapa juzi juzi kwamba nikicheza kamari tena anarudi kwao Mwamgongo. Lakini hii si kamari. Hii ni hali ya hewa.

Nimeweka turubai.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi jua kali. Nimepita mbele ya nyumba ya Oswald mara nne, najipepea. Dagaa wa Elida wako chanjani wanakauka, mzigo wetu wa mwisho mpaka siku za giza zirudi. Alikopa kwenye kikundi cha akina mama kuununua.

Saa tisa, wingu. Mvua! Tukakimbia, tukawafunika dagaa kwa turubai. Kabla sijafuta uso, Oswald huyo! Kaja kuchukua turubai lake. Nikamsihi angoje mvua ikatike. Akasema dau ni dau. Akalivuta, akajitanda nalo kichwani, akaenda zake mkavu.

Elida hakupiga kelele. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama ni kweli. Niliumia sana. Nikamwambia ningeshinda kama isingenyesha.

Alhamisi, 6 Novemba

Dagaa wamevunda. Mfuga kuku wa Bangwe kawachukua, na hata yeye alikunja pua. Elida kapanda boti kwenda Mwamgongo, yeye na binti yetu Merina na sufuria kubwa. Kaacha mezani karatasi aliyopewa na nesi Nasra wa zahanati: maswali ya kumtambua mtu ambaye kamari imeanza kumtawala. Nimejibu kwa uaminifu.

Je, unawaficha watu wa nyumbani? Hapana. Elida anajua zote, isipokuwa zile ninazomficha.

Je, umewahi kuweka dau kwa kitu cha ndani? Hapana. Turubai huwa linakaa nje.

Je, ukishindwa unataka kucheza tena ili urudishe? Sasa nitarudisha vipi bila kucheza?

Matokeo: mzima kabisa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempigia Elida. Kapokea mama mkwe. Shikamoo yangu kairuka. Akasema Elida atakuja na boti Jumatano kuniangalia. Akinikuta nimetulia, atashuka.

Nimelia. Kweli nimelia. Nyumba haina hata mlio wa kijiko. Nimefagia uwanja, nimekaza miguu ya chanja. Oswald anatangaza ufukweni kwamba mke wangu harudi ng'o. Nimemnyamazia. Inauma kumnyamazia mtu asiyejua kitu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeoga mara mbili. Oswald alikuwa ufukweni kabla yangu, turubai begani. Boti ikatokea. Akasema Elida hayumo. Nikasema yumo. Akasema kama nina uhakika, yeye anaweka turubai, mimi niweke kitanda.

Sikutaka. Lakini Elida ashuke akute turubai lake mkononi mwangu! Zawadi gani inaizidi hiyo? Nikampa Oswald mkono.

Alikuwemo! Kitenge cha bluu, Merina mapajani, sufuria miguuni! Niliruka, nikapiga kelele mpaka wapagazi wakatua mizigo: nimeshinda! Oswald, lete turubai!

Elida alikuwa ameshainua mguu ashuke. Akaurudisha ndani. Akamwambia nahodha waendelee tu, atashukia Ujiji kwa dada yake. Merina alinipungia mkono mpaka boti ikapinda.

Sasa Oswald anadai kitanda, eti Elida hakufika. Mjinga! Tulisema yumo, hatukusema atashuka. Kibirizi nzima ilimwona. Nimemwambia kama anabisha, aweke kitu.