Nyumba Yangu Imesogea Hatua Nne

Merrill Gokey
Malishoni, nyuma ya nyumba ya Bi. Winifred Cutting
Barabara ya Kilimani
Harlow Mills, Vermont
7 Aprili

Kwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji

YAH: NYUMBA YANGU, AMBAYO MNASEMA SI NYUMBA

Ndugu Mwenyekiti, Bi. Lucille Bashaw,

Kwa heshima na taadhima, na nikiwa na akili zangu timamu, napenda kuutangazia mji mzima wa Harlow Mills kwamba leo saa tatu asubuhi nyumba yangu imesogea hatua nne kuelekea mashariki. Hakuna aliyejeruhiwa. Bilauri moja imepasuka. Kuku wa Bi. Winifred walishuhudia tukio lote na wako tayari kutoa ushahidi wakiitwa.

Nimesogea kwa kutii sheria. Kanuni zenu zinasema tela lisikae mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne. Tangu mwanzo wa Novemba nimeisogeza nyumba mara kumi na moja: hatua nne mashariki, hatua nne magharibi, mashariki tena, magharibi tena, kama mtu aliyekosa usingizi anavyogeuka kitandani. Pamoja na utii wote huo, Ijumaa nilipokea barua yenu yenye sahihi tatu. Imenipa hadi Jumatatu ijayo niwe nimeiondoa nyumba mjini, la sivyo itavutwa.

Sina ardhi ya kuipeleka, na hilo mnalijua. Nilizaliwa hapa miaka sitini na mmoja iliyopita, chumba cha ghorofani, katika nyumba ya wazazi wangu pale njia panda. Wazazi walipoondoka duniani tulibaki ndugu watano na nyumba moja, na nyumba haikatwi kama mkate, basi ikauzwa. Akainunua daktari wa meno kutoka Boston. Huja wiki mbili kila Agosti. Wiki hamsini zilizobaki nyumba inakaa tupu huku imewashwa joto, mabomba yasije yakaganda. Hiyo haina kosa lolote. Yangu, ambayo ina mtu ndani kila siku ya Mungu, ndiyo iliyovunja kanuni. Ninaomba basi kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio, maana nimesikia halmashauri inapenda mpangilio.

1. Sijui nimejenga nini. Dwight Pelkey, afisa wenu wa majengo, ambaye pia hucheza karata na mimi kila Alhamisi na kushindwa, alikuja na mkanda wa kupimia akaizunguka nyumba mara mbili. "Merrill, bwana," akasema, "hiki kitu kina magurudumu. Hili ni gari. Nenda idara ya magari wakuandikishe." Nikaenda. Binti wa dirishani akaitazama picha kwa muda mrefu. "Hilo ni bomba la moshi?" Nikamwambia ndiyo, nina jiko la kuni. "Na hayo ni mapazia?" Ndiyo, alinishonea dada yangu. "Mzee wangu, gari gani lina mapazia ya maua na kengele ya mlangoni? Hii ni nyumba. Nenda kwa afisa wa majengo." Kwenda na kurudi ni maili sitini na mbili. Nimekwenda mara tatu. Nimeanza kushuku kwamba gari ni mimi.

2. Udogo. Kanuni inataka makao ya mtu yasipungue futi za mraba mia nne na hamsini. Yangu ni mia moja na sitini, futi nane kwa ishirini, na niliyapima mwenyewe kabla ya kupigilia msumari wa kwanza kwa sababu ndivyo mbao zilivyotosha. Banda la kuku la Bi. Winifred lina futi mia moja na themanini, tena lina kibali chenye muhuri kilichobandikwa mlangoni. Siwaonei kuku wivu. Ni majirani wema na hawapigi redio. Lakini naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba katika mji huu kuku kumi na wawili wanaishi kihalali, na fundi wenu wa misumeno ya moto anaishi nyuma yao akijifanya hayupo.

3. Mnasema kwenye barua kwamba "sikufanya jitihada." Mwezi Oktoba niliwaomba wazee wa kanisa kona moja ya uwanja wa kuegesha magari. Wakakubali kwa moyo mkunjufu. Moyo huo ulidumu hadi Jumamosi ya karamu ya maharagwe ya kuoka, ambapo watu walilazimika kuacha magari yao mpaka posta na kutembea kwenye mvua huku wamebeba sufuria. Mama mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni shemeji yako, alisimama katikati ya ukumbi na kijiko mkononi. "Tumeambiwa tumkaribishe mgeni," akasema. "Hatukuambiwa tumpe nafasi nne za magari!" Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa alikuwa amelisema vizuri. Nikahama asubuhi yake kabla ya ibada.

Kamati ya uwanja wa maonyesho iliniuliza nina ng'ombe wangapi. Nilipojibu kwamba sina, mazungumzo yakaisha.

Ndipo Bi. Winifred Cutting, ambaye ana miaka themanini na minne, na malisho yaliyokaa bila mnyama tangu mumewe afariki, aliponikamata nje ya duka. "Merrill, wewe una shoka, mimi nina kuni," akasema. "Lete hicho kisanduku chako nyuma ya nyumba yangu, uache kuzungukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala." Hatukuandikishana. Mimi napasua kuni na kuondoa theluji mlangoni kwake, yeye ananipa ardhi ya kusimama na wakati mwingine kipande cha pai. Sijawahi kusikia kwamba yeye amelalamika, wala kuku.

4. Barua yenu inasema kusogea ndani ya shamba lilelile si kusogea. Nitoke kabisa, nipite barabarani, niende zangu. Vyema. Lakini tangu tarehe 20 Machi, Clayton Benway, msimamizi wenu wa barabara, amesimamisha ubao: majira ya matope yameanza, barabara ya udongo haibebi mzigo mzito hadi tarehe 15 Mei. Nyumba yangu na trekta la kuivuta ni mzigo mzito. Nikampigia simu.

"Clayton, natakiwa nitoke Jumatatu."

"Hutoki."

"Halmashauri imeniamuru."

"Merrill, sikiliza. Ukipitisha kile kibanda kwenye barabara yangu kabla haijakauka, utachimba mtaro wa kufika magotini, na nitakuzika humohumo."

"Lakini Clayton, wewe ni mjumbe wa halmashauri. Sahihi ya tatu kwenye barua ni yako."

Nilisikia mkewe akifunga kabati. "Ile," akasema hatimaye, "nilitia kama mjumbe."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mtu mmoja ananisukuma nje kwa mkono wa kulia na kunifungia mlango kwa wa kushoto, na mikono yote miwili inalipwa na mji. Mimi ningependa kutii. Nioneshwe tu nianze na mkono upi.

5. Hili linanitia aibu, lakini malalamiko yasiyo na ukweli wote ni umbea. Dwight alinihurumia. Alhamisi moja, huku akichanganya karata, alininong'oneza kwamba majengo ya kilimo hayahitaji kibali chake. "Banda la kuchemshia utomvu wa miti uwe shira, kwa mfano. Hata likiwa na magurudumu hamsini, halinihusu." Kesho yake nilining'iniza ndoo saba kwenye miti ya Bi. Winifred, nikawasha jiko, nikachemsha utomvu ndani ya nyumba siku mbili mfululizo, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Mtoto wa miaka sita wa Harlow Mills anajua kwamba utomvu hauchemshwi ndani. Ndoo arobaini zinatoa ndoo moja ya shira. Thelathini na tisa zinapanda hewani kuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unakaa. Mimi pia nilijua. Ila mtu anayetafuta uhalali hashauriki. Karatasi za ukutani zilibanduka zikaanguka kama ndizi iliyomenywa. Mto wangu uligandamana na ukuta. Mlango ulijifunga kwa utamu, na Dwight alipokuja kukagua ilibidi aingilie dirishani, miguu mbele, akinishika shingo. Aligusa ukuta, akalamba kidole. Akagusa tena.

"Shira safi sana hii," akasema. Kisha akatazama pembeni. "Lakini bwana, naona kitanda."

Basi kosa langu ni kitanda. Ningelala nimesimama, kama farasi, ningekuwa mkulima.

6. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mmeniita "mkazi asiye na ardhi." Si kweli. Ninayo ardhi, na hati yake iko ofisini kwenu. Ni makaburi ya Kilimani, safu ya nne, viwanja sita vya ukoo wa Gokey, vitatu mbele na vitatu nyuma. Jumla yake ni futi kumi na mbili kwa ishirini. Vitatu vina watu: baba, mama, na mjomba Ferris. Vitatu vinasubiri.

Nilikwenda kupima. Nyumba yangu inaenea pale sawasawa, na inabaki nafasi ya kuweka benchi. Wazazi wangu watakuwa chini ya sakafu, jambo ambalo walilizoea tangu nikiwa kijana wa chumba cha juu. Mjomba Ferris hakuwahi kujali lolote.

Na masharti ya pale ni mepesi ajabu. Hakuna anayeuliza futi za mraba. Hakuna anayetaka nisogee kila baada ya siku kumi na nne. Mji umenikubalia kwa maandishi kukaa pale milele, mradi tu nisiwe hai. Naomba kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: kwa nini halmashauri inaniamini zaidi nikiwa maiti? Nikiwa hai natengeneza misumeno ya nusu ya mji. Nikiwa hai nimehudhuria mkutano mkuu wa mji kila Machi kwa miaka arobaini na mitatu. Mwaka mmoja nilikuja na homa ya mapafu, nikapiga kura dhidi ya gari jipya la zimamoto, nikapelekwa hospitali na lile la zamani. Maiti gani atawafanyia hivyo?

Niseme wazi, Lucille, kwa kuwa tulikaa dawati moja darasa la tatu. Uwanja wa karibu unaopokea matela uko maili arobaini, mkoa mwingine. Nyumba ikivutwa hadi kule, nitakuwa mtu wa kule. Sitajua nani amefariki mpaka niione bendera imeshushwa nusu, na sitajua bendera imeshushwa, kwa kuwa sitapita hapa. Sidai nyumba kubwa. Ninadai mahali pa kusimamisha ndogo.

Kwa hiyo naomba nikubaliwe kuingia makaburini kabla ya wakati wangu. Likishindikana hilo, niandikishwe kama kuku wa kumi na tatu chini ya kibali cha banda. Niko tayari kuamka mapema, ingawa sitaahidi mayai. Na hilo nalo likishindikana, Dwight na binti wa idara ya magari wafungiwe pamoja ndani ya futi mia moja na sitini mpaka wakubaliane hiki kitu ni nini. Nitatoa nyumba yangu bure kwa shughuli hiyo. Kuta bado zinalambika.

Nakutakia afya njema na uvumilivu, maana barua hii nitaileta tena mwezi ujao. Nisalimie mumeo Armand na goti lake jipya. Salamu kwa wajumbe wote, na kwa Clayton mara mbili, moja ya ujumbe na moja ya barabara. Shemeji yako mwambie sina kinyongo, na maharagwe yake yalikuwa matamu.

Wako mtiifu, kwa sasa upande wa mashariki,

Merrill Gokey

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Clayton alipofika na koleo. Mji jirani wa Ketcham umelalamika kwamba ubao wake wa matope ameusimamisha upande wao, akawa anatafuta jiwe la mpaka. Hakuna mjumbe aliyeutembea mpaka ule kwa miaka kumi na minne, na msimu wote huu jiwe lilikuwa chini ya theluji. Tumelipata. Liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, upande wenu. Malisho ya Bi. Winifred yanavuka mpaka, na yeye anasema angetuambia kama tungemuuliza. Clayton alilitazama jiwe, akaitazama nyumba, akalitazama jiwe tena. "Merrill," akasema, "uko Ketcham, wewe. Umekuwa Ketcham tangu Novemba."

Ketcham hawana kanuni za nyumba.