Mtungi wa Wafula na Safari ya Kuzamia

Jumatatu, 3 Mei 2021

Nimezamia baharini mara arobaini. Nimeshikana mkono na pweza. Papa wa Watamu wananijua kwa jina.

Haya, shajara, nimeona unavyoniangalia. Bahari sijaiona hata siku moja. Nilichokijua ni bwawa la hoteli moja kule mjini, miaka ishirini na miwili, mimi na Wafula. Yeye na wavu wa kuokota majani, mimi na ufagio. Tulikuwa tukiwatazama wageni wakifundishwa kupumua chini ya maji na mitungi mgongoni. Wafula akisema, Masinde, iko siku na sisi. Nami nikimwambia kwamba yeye akiingia, maji yote yatahama.

Wafula alikufa Februari. Korona. Alizikwa kwao Bungoma na watu waliofungwa nailoni kama mikate ya dukani. Sikwenda. Waliruhusiwa watu kumi na tano tu. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu.

Lakini leo furaha! Nairobi imefunguliwa tangu Jumamosi, barabara ya Pwani iko wazi. Nimempigia simu dada mmoja wa Watamu anaitwa Leyla, mwenye mashua ya kupeleka watu kuzamia. Namba yake niliitoa kwenye gazeti lililofungiwa nyama. Anasema mwaka mzima amekaa bure, sasa anachukua watu, ila waliochanjwa peke yao. Nikacheka hadi nikakohoa. Waliochanjwa hapa mtaani Mbotela ni akina nani? Wazee! Vijana wenye vifua hawana kadi. Mimi ninayo tangu wiki ya Pasaka, nimeichomeka nyuma ya kioo cha ukutani. Umri wangu sitini na tisa, shule niliachia darasa la nne, na ndimi mzamiaji!

Kuondoka huku ni Jumamosi, tarehe kumi na tano, kuzamia ni kesho yake. Nafasi mbili, mimi na Mutisya wa mlango wa pili. Leyla anataka kwanza video ya kuonyesha kwamba tunaweza kupumua majini dakika kumi bila kuita mama.

Saa sita mchana akabisha Nangila, mjane wa Wafula. Tunapakana ukuta. Akasema ile kazi ya marehemu haikufanywa kwa sababu ya kufungiwa, sasa itafanywa hapa kwenye ploti tunakopanga vyumba, kikao na kunyolewa. Jumamosi, tarehe kumi na tano.

Jumamosi ileile!

Kwetu Wabukusu vitu vya maiti havitumiki mpaka watu wakae, wa rika lake asimame aseme, na kila aliyechukua chochote akitaje mbele za watu. Wa rika lake nani? Mimi. Tulitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Nangila akasema nisiposema mimi hanyolewi, na asiponyolewa hawezi kurudi nyumbani Bungoma. Nikamwambia nitaona. Akasema, shemeji, kuona umeona tangu Februari.

Jumanne, 4 Mei

Jambo la ajabu la bahati! Nangila ameniomba nimpelekee mtungi wa oksijeni kanisani. Watoto wao waliununua Wafula alipougua, akaupumulia siku tisa. Wazee wa nyumbani wamekubali uende kwa wagonjwa kabla ya kikao, kwa kuwa ni uhai wa watu. Kanisani yuko nesi Ayuma, ndiye anayekusanya. Nangila alinikabidhi akiwa ameuzungushia leso, mkono wake haukugusa chuma.

Nilianza kwenda kanisani. Naapa. Hatua thelathini hivi. Halafu miguu ikageuka yenyewe. Mtungi ni mtungi! Una hewa, una bomba, una saa ndogo ya kuonyesha kiasi kilichobaki. Nusu nzima imebaki. Ayuma atasubiri siku chache.

Nimeuweka chini ya kitanda.

Saa tisa alasiri nikajinyoosha kidogo. Chumba kimya, ploti kimya, hata redio ya Koki, mke wa Mutisya, imezimwa. Nikasikia mtu anapumua. Anavuta. Ananyamaza. Anatoa, na mwishoni filimbi nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

Mtu wa kupumua hivyo nimemjua mmoja tu. Pua yake ilivunjwa na mlango wa jokofu la hoteli, mwaka wa tisini.

Nikajiambia ni bomba la mtungi linavuja. Nikachukua spana, nikakaza. Nikaangalia ile saa. Mshale uko palepale, nusu. Nikalala tena.

Anavuta. Ananyamaza. Filimbi.

Alhamisi, 6 Mei

Mutisya ni Mkamba, mchongaji mstaafu. Miaka arobaini amechonga twiga wa watalii. Watalii wameisha, sasa anachonga chochote kitakachosimama mbele yake. Nimemwambia tunahitaji yale mapezi ya miguuni, kama miguu ya bata. Kayachonga kwa mti wa mjakaranda, yamesuguliwa vizuri, na kwenye kisigino ameweka kichwa cha twiga. Nikauliza twiga anatafuta nini baharini. Akasema mkono umezoea, mzee, niache.

Tuliingia kwenye tangi saa tano, Koki akiwa sokoni. Ni lile tangi jeusi la plastiki nyuma ya ploti, refu kuliko mtu, lililonunuliwa kwa sababu ya mgao wa maji. Mutisya aliiba ufunguo wa mfuniko kutoka kwenye kopo la majani ya chai. Nikapanda ngazi. Bomba mdomoni, kibanio cha nguo puani, mapezi miguuni. Nikashuka.

Mti unaelea! Hatukufikiria hilo. Miguu ikaenda juu, kichwa kikaenda chini, nikabaki nimening'inia kama popo na twiga wawili wananing'inia juu yangu. Mutisya alicheka mpaka akashuka ngazi akae chini. Mimi ndani ya tangi, yeye chini anacheka! Hivyo ndivyo watu wanavyokufa.

Mapezi tumeyaacha.

Jumamosi, 8 Mei

Video imepatikana. Naandika polepole, mkono una baridi.

Safari hii niliweka mawe mifukoni mwa koti. Nikazama mpaka chini, nikakaa kwenye sakafu ya tangi. Juu yangu ule mdomo wa tangi, duara dogo la mwanga wa kijani, na kichwa cha Mutisya na simu. Pande zote giza, saa tano ya mchana. Maji ya tangi hayana sauti. Bwawa la hoteli lilikuwa na sauti.

Nikavuta. Vizuri. Nikatoa, mapovu yakapanda. Nikavuta tena, hewa ikakataa kidogo. Kama bomba lina mtu mwingine upande wa pili, naye amewahi kuvuta. Nikasubiri. Hewa ikaja, imepashwa joto.

Ndivyo tulivyokuwa tukivuta sigara moja nyuma ya jiko la hoteli. Yeye kwanza, halafu mimi. Kila siku yeye kwanza! Na hakuwa akinunua.

Nikaamua kujaribu. Nikabana pumzi kabisa. Nikahesabu moja hadi ishirini.

Upumuaji haukusimama. Uko kushoto kwangu, karibu na bega. Anavuta. Ananyamaza. Filimbi, ndani ya maji.

Nilikaa dakika kumi. Si ushujaa. Mawe yalikuwa mazito na miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Jioni Koki amesimama katikati ya ploti akitangaza kwamba chai yake inanuka dawa ya kuchua mgongo, na kama kuna mzee anayeoga kwenye maji ya kunywa atajulikana. Mutisya akasema pengine ni bomba la serikali. Wakamba ni watu wapole lakini uongo wa huyu ni mzuri sana.

Jumatatu, 10 Mei

Leyla amejibu. Amefurahi. Anasema hongereni wazee, mmepita nyote wawili, mnakaa chini bila wasiwasi kama kobe.

Nikamwambia aliyekuwa chini ni mmoja. Mwingine ndiye aliyeshika simu, video yake tutatuma siku nyingine.

Akasema, baba, usinitanie, nimeiangalia mara tatu. Mapovu yanapanda mahali pawili. Huyu wa kulia anapumua haraka haraka, muoga muoga. Wa kushoto ametulia, ndiye mzuri zaidi.

Muoga muoga! Mimi!

Kisha akauliza, sasa huyo mwenzako ana kadi ya chanjo? Bila kadi simpandishi.

Nikajibu bila kufikiri kwamba hana. Chanjo ilifika Machi. Yeye aliondoka Februari.

Akauliza aliondoka kwenda wapi. Nikakata simu.

Tulikaa na Mutisya kwenye ngazi ya mlango tukaiangalia ile video. Kweli. Misururu miwili ya mapovu. Wa kushoto polepole, polepole, mapovu makubwa ya mtu mwenye tumbo. Mutisya akaniuliza mtungi niliutoa wapi. Nikamwambia. Akasimama, akaingia kwake, akatoka na yale mapezi, akayatumbukiza kwenye jiko la Koki. Akasema yeye bahari hana haja nayo, na maji ya lile tangi hanywi tena, atakunywa soda mpaka afe.

Jumanne, 11 Mei

Nimeupeleka mtungi kwa Ayuma. Alinisema mbele ya wanakwaya. Mzee mzima! Mtungi umetoka kwa Nangila wiki iliyopita, ulikuwa umekwenda kutembea? Yuko mama mmoja wa mtaa wa Baba Dogo anausubiri tangu juzi, mtoto wake anampepea kwa kifuniko cha sufuria.

Nimepita dirishani pa kanisa saa kumi nikamwona yule mama ameketi, ameuvaa, uso umerudiwa na rangi. Ayuma akasema mtungi mzuri, unatoka sawasawa, wala hauna kelele yoyote.

Wala hauna kelele. Nimeshukuru Mungu. Nimerudi nyumbani nikaweka nguo kwenye begi. Jumamosi naondoka na basi la asubuhi. Kikao kitapata msemaji mwingine. Huku Eastlands Wabukusu si haba.

Alhamisi, 13 Mei

Mtungi hauko, yeye yuko.

Jana alikuwa chini ya kitanda penye nafasi tupu. Leo mchana yuko nyuma ya mlango, urefu wa mtu aliyesimama. Nimemwambia Wafula, kama ni nafasi ya kwenda Watamu, chukua ya Mutisya, imebaki wazi. Nimemwambia maneno mengine pia ambayo hayaandikiki. Ya rika.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumamosi, 15 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa tayari. Begi begani, kadi ya chanjo mfukoni. Nikavaa barakoa, nikafungua mlango, nikavuta pumzi ya safari.

Filimbi ikatoka ndani ya barakoa yangu mwenyewe.

Niliivua. Nikapumua bila. Kimya. Nikaivaa. Filimbi. Kila nikitoa pumzi, pua iliyovunjika mwaka wa tisini inalia mdomoni mwangu.

Niliweka begi chini. Nikaenda nikamsaidia Nangila kupanga viti.

Tulikuwa kumi na watano, viti mbali mbali, jua kali la saa tano. Nikaitwa. Nikasimama. Nilikuwa nimeogopa siku hii tangu Februari, kwa sababu nilijua nikianza kusema atakuwa amekufa kweli. Basi nikasema. Kwamba tulikatwa kwa kisu kimoja na yeye ndiye hakupepesa jicho, mimi nilipepesa. Kwamba miaka yote nimedai ilikuwa kinyume. Kwamba alipoumwa alibisha ukutani mara mbili mchana akitaka tuzungumze dirishani, nami nilijifanya sipo, nikiogopa ugonjwa. Kwamba nilichukua mtungi wake nikaenda nao kuchezea maji.

Koki akasema, ndani ya tangi! Mutisya akamwambia mama, kaa, huu ni msiba.

Nilingoja Nangila anitukane. Akasema, shemeji, ukuta wetu ni mmoja. Tangu ile Jumanne kila mchana nimemsikia mume wangu anapumua upande wako. Nilikuwa nikiweka mto ukutani, nikilala usingizi ambao sijaupata tangu Februari. Nilijua mtungi haukufika. Sikuuliza, nisije nikasababisha uondolewe.

Akainamisha kichwa, akanyolewa. Nywele zake nyeupe zote. Mimi nikanyolewa baada yake. Nilipovaa barakoa tena, ilitoka pumzi yangu tu, ya mzee anayenuka dawa ya kuchua. Nilivuta mara kadhaa kuhakikisha. Nilijisikia mpweke, shajara. Usimwambie Mutisya.

Jumatatu, 17 Mei

Nangila amesafiri kwenda Bungoma asubuhi. Ukuta uko kimya. Nimeubisha mara mbili, kwa mzaha tu.

Lakini sikiliza! Leyla amepiga simu. Wale wa Jumapili walitapika mashua nzima, hakuna aliyeona hata dagaa. Anapanga safari nyingine Agosti, na ananitaka, mradi niwe nimemaliza chanjo zote mbili. Mutisya nimemlainisha, anachonga mapezi mapya kwa mti mzito wa mpingo, usioelea. Na kule kanisani, nyuma ya kinanda, nimeona mtungi mwingine. Mdogo, mwepesi, unabebeka kwapani. Ulikuwa wa mzee fulani wa Komarock, simjui, sijui hata alikuwa akipumua vipi. Ayuma huwa hayuko Jumatano.

Kilichobaki ni sindano ya pili. Wanasema dozi zikija zitakuwa chache na foleni ya hospitali itaanza alfajiri, na mimi magoti yangu unayajua.

Sasa Wafula, nisikilize. Nimekusemea mbele za watu, nimenyoa kichwa na baridi hii, na bahari nimeikosa kwa ajili yako. Kwa hiyo una deni langu dogo. Wewe huchoki kusimama, na hakuna atakayekusukuma. Siku hiyo tangulia, kaa pale mbele kabisa mlangoni, unishikie nafasi. Na Mutisya akija, usimpishe.