Jiwe Lililokataa Kufa

Matano wa Likoni alikuwa hamali wa feri kwa miaka sita. Siku moja akatua gunia la mchele, akajifuta jasho, akatangaza kuwa bega lake limestaafu. Tangu hapo akala kwa ulimi, na ulimi, tuseme kweli, ulimlisha vizuri kuliko bega.

Mwaka wa 1993, akipita Kiembeni, aliona dirishani kwa Mama Kadzo sanduku kubwa la kioo limejaa maji, bila hata samaki mmoja. Akatabasamu. Nani huweka maji matupu sebuleni, kama si mtu anayengoja kudanganywa?

Kesho yake akarudi na jiwe la kahawia kutoka Shelly Beach, lina vidole vidole.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea tumbawe. Jiwe lenye uhai! Litachanua kama bustani."

"Marahaba, mwanangu. Mbona limenywea?"

"Lina haya. Halijazoea wageni."

Matano alijua litakufa kabla ya Ijumaa, naye ataleta jingine, na jingine. Kila wiki jiwe, kila wiki noti. Huo ndio mpango wake wote, na aliuona mpana kuliko bandari.

Mama Kadzo akammiminia chai, akamwekea mahamri matatu. "Nitanunua," akasema, "ukiniapia kwamba utaniletea maji ya bahari kila wiki, maadamu jiwe hili li hai."

Matano alidanganya kwa vyote ila wallahi. Mamake alimlea hivyo. Lakini kiapo cha siku nne kina uzito gani?

"Wallahi," akasema, mdomo umejaa mahamri.

Ijumaa alikuja na jiwe la pili kikapuni na uso wa rambirambi. Tumbawe lilikuwa limechanua! Kila kidole kimetoa vinyama vidogo vyenye mikono kama ya watoto wachanga, vikipunga majini.

"Vinakusalimu," akasema Mama Kadzo, akivilisha uduvi uliopondwa. "Na maji yangu?"

Matano akaenda bombani, akakoroga chumvi. Chumvi nayo si ya bahari? akajitetea mbele ya Mungu. Kikombe cha kwanza kilipoingia, vinyama vyote vikajikunja kwa pamoja.

Mama Kadzo hakufoka. "Vimeonja," akasema tu, akampa mtungi.

Basi bega likarudi kazini, kutoka ufuoni Bamburi hadi Kiembeni, kila Ijumaa. Mwaka ukapita. Siku moja akakuta mitungi sita mlangoni.

"Mama, si sanduku ni moja?"

"Lilikuwa moja. Nimelikata tumbawe vidole, nikavifunga kwa uzi juu ya vijiwe, vikaota. Sasa Florence analo, Mwanarehema analo, Karisa analo, na majirani wengine wawili kule nyuma. Ni jiwe lile lile, mwanangu. Limezaa tu."

"Umejifunza wapi haya?"

"Kwa Mjerumani aliyeniachia sanduku na maji yake ya bahari ndani. Nilimtunzia matumbawe miaka kumi na mmoja."

Matano akaketi kizingitini. Akakumbuka mpango wake mpana kuliko bandari, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na jiwe hili huishi miaka mingapi, mama?"

"Wajukuu wangu watalikuta."

Mama Kadzo akamvuta karibu, akamkanda bega kwa mafuta ya nazi, polepole, kama anayemkanda mwanawe. Kisha akamfungia mahamri kwenye gazeti. Leo yalikuwa sita, moja kwa kila mtungi.