Utoto Wangu wa Ukweli Mtupu

Jumatatu, 3 Machi
Nimegundua kinachonikwamisha! Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa ni Jumamosi, na mimi sina kisa cha utotoni. Viongozi wakubwa wote wanacho. Kitabu cha shule cha binti yangu kinasema rais wa kwanza, akiwa na miaka saba, alivunja taa ya baba yake akakiri kabla hajaulizwa. Kinyozi, mpinzani wangu, ana spika mbili na tabasamu. Mimi nina cherehani tu. Nahitaji kisa.

Jumanne, 4 Machi
Kimepatikana! Kioo cha bibi. Nilikivunja (kweli), nikakiri papo hapo (karibu kweli). Nimemwomba mama anishuhudie mkutanoni. Akaniuliza kama nina homa. Akasema kioo anakikumbuka vizuri, na aliyechapwa pia anamkumbuka. Nikaaga haraka.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi amekubali. Siku ile hakuwepo, kwa hiyo hana cha kumbana. Tatizo ni mazoezi. Mara ya kwanza kioo kikawa kabati. Mara ya pili nikamwokoa bibi motoni. Nimemsihi apunguze chumvi. Kaninunia.

Ijumaa, 7 Machi
Kinyozi kanisimamisha njiani, kauliza kwa sauti ya juu eti ni kweli nilizaliwa nikisema ukweli. Shangazi kapita saluni!

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Ukumbi ulijaa. Shangazi alisimulia vizuri mno, mpaka ndani ya kisa chake bibi akanibariki huku akibubujikwa na machozi. Makofi! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndipo dada yangu mdogo akasimama kule nyuma.
“Kaka, mbona nilichapwa mimi?”
Akaeleza yote. Nilimsingizia. Bibi akakataa kwenda naye harusini, na gauni alilokuwa amelisubiri miezi miwili likabaki limekunjwa sandukuni. Miaka thelathini na mbili imepita! Sikujua bado linamuuma.
“Ni kweli, dada. Nilikivunja mimi. Nisamehe.”
Nikalia. Machozi halisi, sikuyapanga. Akaja akanishika mkono. Watu wakajifuta macho, kinyozi naye.
Kashinda yeye hata hivyo. Mimi kura kumi na tisa. Nilitarajia saba.

Jumapili, 9 Machi
Nimezitafakari zile kura kumi na mbili za ziada. Kumbe watu hawana haja na mtoto mkweli. Wanataka mtu mzima anayetubu! Mwezi ujao kuna uchaguzi wa kamati ya maji. Nimemwomba mke wangu anitajie wengine niliowakosea. Akaanza na yeye mwenyewe. Alipofungua ukurasa wa pili wa daftari lake nikamzuia. Makosa ya kweli yana wenyewe, na wenyewe wana maswali. Nitatubu kosa la kubuni. Shangazi amekubali kuwa ndiye niliyemkosea. Anataka kujua jambo moja tu: aanze kulia kabla sijaomba msamaha, au baada?