Bendera ya Bikira na Kondoo wa Liborio

Jumatatu, 2 Septemba

Siku sita kabla ya sikukuu, na Críspulo kaja uwanjani na baiskeli mpya. Nyekundu! Kilo saba! Aliinyanyua kwa kidole kimoja mbele ya baa nzima. Halafu akaniuliza kama yangu ya chuma niliirithi kwa Warumi waliojenga daraja. Vicheko. Nikaeleza, kwa utulivu, kwamba daraja letu halikujengwa na Warumi, ni la karne ya kumi na tano, ukiangalia matao utaona. Hakuna aliyeangalia matao.

Niiandike sheria hapa, maana hasira hunivuruga. Siku ya Bikira Maria, mzee yeyote aliyetimiza miaka sitini na kubatizwa katika kanisa letu la Alcorzuela anaweza kupanda kwa baiskeli kutoka chemchemi hadi kikanisa cha kileleni. Mguu ukigusa ardhi, umetoka. Anayefika bila kugusa ndiye abebaye bendera ya Bikira kwenye maandamano. Wakifika wawili, huibeba mkubwa kwa umri. Ndiyo sheria yote.

Baba yangu aliibeba mpaka mwaka aliokufa. Mimi nimeibeba miaka kumi na moja. Críspulo, aliyekata nyama buchani maisha yake yote, hushusha mguu kila mwaka kwenye kona ya tatu, akisema mnyororo umemponyoka. Sasa ana kilo saba. Goti langu la kulia linalia kama mlango wa ghalani. Mke wangu Visi anasema nimwachie mwenzangu mwaka mmoja, kwani kuna nini? Kuna nini!

Jumanne, 3 Septemba

Mholanzi aliyefikia nyumba ya wageni, naye mwendesha baiskeli, kanilalamikia kwamba saa ya mnara wetu ni mbovu, inagonga mara mbili. Nilimkalisha chini. Nikamweleza kwamba inagonga saa, kisha baada ya dakika mbili inairudia ileile, kwa faida ya aliye shambani ambaye hakuhesabu. Nikamwambia nilivyowafundisha watoto wa kijiji hiki kwa miaka thelathini na minane: ya kwanza inua kichwa, ya pili hesabu. Nilimweleza kwa dakika arobaini. Alikuwa amevaa kofia yake tayari, lakini alisikiliza vizuri. Watu wa kaskazini wana nidhamu.

Nimepata mpango. Kesho mimi na Críspulo tunafanya mazoezi. Mtu mzito hushindwa na tumbo lake.

Jumatano, 4 Septemba

Tulisimama kwenye baa ya Mirabuey, kijiji jirani, saa nne, kama kawaida, maana hakuna mwendesha baiskeli wa milima hii anayepanda kitu chochote bila kula kwanza. Nikamwagizia Críspulo, kwa ukarimu, maharage na masikio ya nguruwe, sahani mbili, mayai mawili ya kukaanga juu yake, na soseji. Alinitazama machozi yakimlengalenga. Akasema, “Mwalimu, miaka yote hii nilidhani hunipendi.” Akanilazimisha nile naye. Ningekataaje? Angeshuku.

Alipangusa sahani kwa mkate. Akapanda mwinuko wote akiimba! Kona ya tatu aliipita akiwa kwenye ubeti wa pili.

Mimi nilibaki nyuma ya kichaka cha zaatari kwa muda ambao sitauandika. Aliporudi kunitafuta, alinishika paji la uso ili nitapike mpaka nimalize. Mkono wenyewe unanuka nyama. Nimechukia kila kitu: maharage, kichaka, na hasa ule wema wake.

Alhamisi, 5 Septemba

Mpango mwingine, wa kisomi. Mama yake Críspulo alikuwa mtu wa Mirabuey. Je, kama Críspulo alibatizwa kule? Sheria ni sheria. Nilikwenda sakristia na kumwomba Padre Ubaldo, mbele ya mashahidi, afungue kitabu cha ubatizo. Nilisema sina nia mbaya, ni historia tu.

Padre alisoma kwa sauti. Críspulo kabatizwa hapahapa, kwenye jiwe lilelile nililobatiziwa mimi. Halafu akasoma tarehe ya kuzaliwa. Halafu akanitazama. Halafu akaisoma tena!

Críspulo ni mkubwa kwangu. Kwa siku tisa.

Yule mnafiki amejipunguzia mwaka mzima tangu alipomchumbia mkewe, na kijiji kizima kilimwamini, mimi nikiwa wa kwanza. Alipoitwa, alicheka hadi akashika nguzo. Alisema mkewe atamuua, lakini asante sana, Mwalimu, maana sasa tukifika wote wawili bendera ni yake. Akanipigapiga begani na kuniita “mdogo wangu.”

Mdogo wangu! Mimi!

Visi alipopata habari aliniuliza nani alilazimisha kitabu kifunguliwe. Baadhi ya maswali ya ndoa huulizwa kwa ajili ya kuumiza tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimetulia. Hasira ikishuka akili hupanda. Nimepiga hesabu kwenye daftari la darasani.

Tunaondoka chemchemini kwa kupishana dakika mbili, mkubwa akitangulia. Kwa hiyo Críspulo anaondoka saa tano kasorobo, mimi dakika mbili baadaye. Kwa mwendo wake wa juzi, atafika kwenye zizi la Liborio, kona ya mwisho, saa tano kamili. Pale njia ni nyembamba, ukuta huku, korongo kule. Kondoo mia tatu wakitoka zizini wakati huo, hakuna binadamu atakayebaki juu ya baiskeli.

Na mimi? Mimi nitakuwa chini kidogo, kwenye msalaba wa mawe, penye uwanja mpana. Nitazunguka polepole, bila kushusha mguu, hadi kondoo wapite. Kisha napanda peke yangu, salama, naye Críspulo amesimama katikati ya sufu.

Si hila. Kondoo wana haki ya njia ile tangu enzi za wafalme. Kuna hati.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilipanda kwa Liborio kwa miguu. Huyu mchungaji alikuwa mwanafunzi wangu, mzito wa hesabu lakini mtiifu. Sasa ana mvi, na bado huvua kofia akiniona. Nikamwambia kesho, kengele ya saa tano ikilia, afungue lango palepale, wala asisubiri kitu. Akauliza kwa nini, maana kesho wazee wanapita na baiskeli. Nikasema wageni wanapenda kuona kondoo siku ya sikukuu. Akakuna kichwa. Akasema sawa, Mwalimu, ukisema wewe ni sawa.

Nikamkaririshia mara tatu: kengele ya saa tano. Naye akarudia mara tatu. Mwalimu mzuri haachi nafasi ya makosa.

Nimepaka mnyororo mafuta. Visi amenipigia pasi shati jeupe la kubebea bendera. Ameniuliza mbona natabasamu. Nimemwambia ni imani.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwanzo ulikwenda kama daftari lilivyosema. Críspulo aliondoka akipunga mkono kama askofu. Dakika mbili, nami nikafuata. Goti lililia, nikaliambia linyamaze. Nilifika kwenye msalaba wa mawe, na hapohapo mnara ukagonga saa tano. Nilipata furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Nikaanza kuzunguka. Mzunguko mmoja. Nikatega sikio nisikie mlio wa kondoo, na hasa mlio wa Críspulo. Kimya! Mzunguko wa pili. Kimya. Nikafikiri, hodari sana Liborio, kondoo wameshapita wote. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote kuelekea konani.

Nilipofika mbele ya lango, mnara ukarudia.

Lango likafunguka.

Sitaeleza kwa urefu. Mia tatu ni wengi. Niliwapita wawili, watatu, nikapakatwa na wa nne, kisha baiskeli ikaenda na kondoo nami nikabaki na ukuta. Haukugusa mguu tu. Iligusa miguu yote miwili, mkono, na pua. Juu yangu, mlangoni pa kikanisa, nilimsikia Críspulo akishangiliwa.

Liborio alikuja mbio, kofia mkononi. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo korongo zima lilirudisha, kwa nini hakufungua kengele ilipolia! Alishangaa kweli, maskini. Alisema, “Lakini Mwalimu, ya kwanza niliinua kichwa.”



Akaendelea, akidhani sijaelewa, kwamba nilimchapa rula mara mbili akiwa na miaka saba kwa kuhesabu ile ya kwanza, na tangu siku hiyo hajakosea hata mara moja.

Bendera kaibeba Críspulo. Kaibeba vibaya, imeinama kushoto. Kabla ya kuondoka alisimamisha maandamano yote na kuniita nishike kamba ya pembeni, kwa mkono ulio mzima. Alisema mbele ya watu, “Njoo, mdogo wangu, bila wewe nisingejua umri wangu.” Nilishika. Ningefanya nini, Bikira mwenyewe alikuwa akinitazama. Nilikasirika kutoka kikanisani hadi kanisa la kijiji, kila hatua, na kijiji kizima kilisema nililia kwa ibada.

Jumatatu, 9 Septemba

Mkono haukuvunjika. Visi amenifunga kitambaa, akikaza kila mzunguko. Ananisemesha kwa kitambaa.

Nimefikiri kwa utulivu usiku kucha na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Liborio. Mtu hafundishiki. Mwakani natumia mbuzi wa dada yake, mbuzi wana akili na wanatoka mbio. Tena nimeanza kuandika barua kwa padre nikiomba kitabu cha ubatizo kifunguliwe upya, maana siku tisa si kitu, mwandishi wa zamani angeweza kuteleza kalamu, na nina hakika kabisa kitabu kitasema kweli safari hii.

Críspulo kaniletea soseji mlangoni, pamoja na dawa ya kuchua ya mkewe. Nimezipokea kwa ubaridi. Visi anazikaanga soseji.

Kuna mkutano wa wazee kuhusu sheria za mwakani, na sitaki kuchelewa hata dakika moja, kwa sababu Críspulo lazima atafika kabla yangu na kusema maneno. Mnara umegonga sasa hivi. Sikuhesabu. Nimeinua kichwa, naisubiri ya pili.