Picha ya Cucu na Suruali Yangu

Leo sina uso, jamani. Mkinikuta barabarani kesho, nisalimieni mkiangalia upande mwingine.

Mnanijua. Mimi ni mpiga picha wa studio. Nina pazia lililochorwa ndege na maua, nina tai za kuazima wateja, nina saa ya mkono isiyotembea. Mteja akikaa kwenye kiti changu, hatikisiki. Sasa juzi akaja Mama Wambui, wa ile familia iliyonunua kipande cha shamba la Mzungu upande wa Turbo, pamoja na wanachama wenzao wa ushirika. Akasema hataki pazia. Anataka watoto wapigwe nje, juani, wakiwa na ng'ombe wao.

Sababu yake ilikuwa nzito. Mama mkwe wake, nyanya ya hao watoto wanayemwita Cucu, amebaki peke yake Murang'a na amekataa katakata kuhamia huku. Anasema mwanawe alitapeliwa, hakuna shamba wala ng'ombe, na yeye mwenyewe anadanganywa tu asife kwa huzuni. Picha ya studio walishampelekea. Cucu alipoona lile pazia, akasema hata watoto wenyewe huenda wamechorwa. Sasa shemeji yao anasafiri kwenda huko kesho alfajiri, na picha iende naye.

"Akikataa na hii, fundi, atazeeka huko bila mtu wa kumchotea maji," Mama Wambui aliniambia.

Nikamwambia alale usingizi. (Mdomo wangu huu!)

Leo asubuhi nikafika kwa baiskeli, kamera imefungwa nyuma. Ile ya miguu mitatu, niliyoinunua kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Majirani walikuwa wamejaa kama arusini, hata mzee wa kanisa na mkewe. Kichwa kikanivimba. Nikaanza kutoa amri: ng'ombe asimame huku, Wambui pale, na jua linipige mimi mgongoni, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya picha za nje. Kamau, yule mdogo, suruali ilikuwa inamteleza. Nikafungua mshipi wangu nikamfunga yeye. Studio huazima, ndiyo desturi yetu. (Nyinyi mmeshaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona.)

Ng'ombe wa gredi, hawa wa maziwa wa kizungu, hana adabu. Kila nilipoingia chini ya kile kitambaa cheusi kupima picha, alinigeuzia makalio. Watoto nao walikunja nyuso kwa jua utadhani wamelishwa ndimu. Mwishowe ng'ombe akageuka. Nikajifunika haraka. Kwenye kioo cha kamera hii watu huonekana miguu juu, kichwa chini, na ardhi huwa huko juu. Hilo nalijua miaka yote. Lakini nilipoona weusi mkubwa sehemu ya juu, nikasema moyoni: wingu hilo, litapendeza.

Hapo kitu kikaanza kunivuta suruali kwa nyuma. Nikadhani ni mtoto wa jirani, nikamwambia awache. Akazidisha bidii, tena sasa na umajimaji wa joto. Lakini filamu nilikuwa nimeshaitia, na nilipotoa kichwa niliwakuta watoto wanacheka, meno yote nje, ng'ombe ametulia kama bibi arusi. Huo ni ufundi! Nani angegeuka saa hiyo? Nikabonyeza, na papo hapo suruali ikaenda.

Ndama, ndugu zangu. Dawa zetu za kusafishia picha zina chumvichumvi, na mimi mikono yangu huipangusia hapo nyuma kila siku. Mwenzangu alikuwa amejipatia jiwe lake la chumvi. Nikavuta mbele, akavuta nyuma, chupi yenye kiraka ikatoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Mke wa mzee alijifunika macho kwa vidole vilivyoachana. Ng'ombe akashtuka akatimua mbio hadi mahindini, na hapo ndipo kazi yetu ilipoishia.

Picha ikawa hiyo moja tu. Alasiri Mama Wambui akaja kuichukua. Nikaitoa majini. Watoto, safi. Ng'ombe, safi. Na kwenye nyasi mbele yao, lile wingu langu: kivuli. Kirefu, cheusi, hakikuacha kitu. Kamera na miguu yake, mimi nimeinama, suruali magotini, na ndama ameikamata kwa pembeni ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikachukua makasi, nikamwambia hiyo sehemu ya chini nitaikata, haitajulikana. Akanishika mkono. Aliitazama ile picha na wala hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Usikate, fundi. Hii hakuna mtu anaweza kuchora. Cucu akiona jua la kwetu na ndama wetu vile anafanya, ataamini."

Nikaifunga vizuri kwenye karatasi, nikampa.

Kwa hivyo kesho naingia Murang'a bila suruali, na ninavyozijua picha, nitapitishwa kila nyumba. Tafadhali msicheke. Kuna mama mzee tunamhamisha, na mimi nimetoa nilichokuwa nacho.